Joto, kutu na mzigo: jinsi ya kuchagua pikapu kuukuu kwa fedha kidogo

Soko la ndizi la Mabibo jijini Dar es Salaam huamka mapema kuliko jiji lenyewe. Malori makubwa hushusha mikungu iliyosafiri usiku kucha kutoka Rungwe na Kilimanjaro, na hapo ndipo kazi ya magari madogo inapoanza: Toyota Hilux zenye rangi iliyopauka, Nissan zilizofungwa bodi kwa kamba, Isuzu zenye mlango mmoja mweupe na mwingine wa bluu. Ukienda Kongowea mjini Mombasa au Kilombero mjini Arusha, mambo ni yale yale. Baadhi ya pikapu hizo zilitoka kiwandani kabla madereva wake hawajazaliwa, na ndizo zinazosomesha watoto, zinazolipa kodi ya vyumba na kurejesha mikopo ya vikoba.

Kwa mkulima wa vitunguu, fundi ujenzi au mama anayesambaza mkaa na unga, pikapu mpya haimo kabisa kwenye hesabu. Hata ile ya miaka mitano au sita bei yake inatisha. Kinachobaki ni gari la zamani, lililopita mikononi mwa watu watatu au wanne, na swali lile lile la kila mnunuzi: hii itanifaa au itaniua?

Madalali hulijibu swali hilo kwa mwaka wa gari na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi. Majibu yote mawili hayatoshi. Pikapu ya mwaka 1994 iliyotunzwa inaweza kufanya kazi miaka kumi zaidi, na ya mwaka 2010 iliyopuuzwa ikafa ndani ya mwezi mmoja. Ukiwasikiliza mafundi wanaozifungua injini hizi kila siku, utagundua kwamba wanarudia mambo matatu yanayoziua: joto, kutu na mzigo. Umri huyapa mambo hayo muda wa kufanya kazi yake. Mwenye fedha kidogo akijua kuyatambua matatu hayo kabla ya kutoa fedha, ana nafasi nzuri ya kupata chombo cha kazi badala ya kununua madeni.

Kwa nini zimedumu

Hilux ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1968. Kizazi chake cha tano, kilichotengenezwa kuanzia 1988 hadi 1997, ndicho kilichojenga jina hilo vijijini Afrika Mashariki, sambamba na Nissan Hardbody, Isuzu za TF na KB, na Mitsubishi L200. Zote zilijengwa kwa mtindo unaofanana: chasisi ya chuma ya muundo wa ngazi, ekseli nzima ya nyuma iliyobebwa na springi za majani, na injini iliyowekwa kwa urefu yenye nafasi pande zote ya kupitisha mkono na spana.

Dizeli za wakati huo zilikuwa na pampu ya kimakanika. Hakuna kompyuta, hakuna vihisio vya kuudanganya ubongo wa gari. Kitu kikiharibika hujionyesha: kinavuja, kinagonga au kinatoa moshi. Fundi wa Makambako au Kitale anaweza kuitambua hitilafu kwa sikio na pua, akaiondoa kwa vifaa vilivyomo kwenye sanduku lake. Hapo ndipo ulipo uimara unaosemwa. Si kwamba magari haya hayaharibiki, ila yanapoharibika yanatengenezeka karibu na yalipokwama.

Dunia imeushuhudia ukakamavu huo kwa njia mbalimbali. Mwaka 1987 majeshi ya Chad yalitumia pikapu za Toyota zilizofungwa makombora kuyafurusha majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru, hata vita vile vikabatizwa jina la Toyota. Mwaka 2003, kipindi cha televisheni cha Top Gear cha Uingereza kilichukua Hilux ya dizeli ya mwaka 1988, iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000. Iliachwa ifunikwe na maji ya bahari, ikachomwa moto, kisha ikawekwa juu ya ghorofa lenye urefu wa zaidi ya mita 70 lililobomolewa kwa baruti. Kila mara mafundi waliiwasha tena bila kuifunga spea mpya. Sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya magari la Beaulieu.

Mnunuzi wa Afrika Mashariki asilewe na hadithi hiyo. Gari lile liliteswa kwa siku chache. Huku kwetu pikapu haiuawi kwa siku moja. Huuawa polepole, na mara nyingi anayefanya hivyo ni mtu anayeipenda.

Zinatoka wapi

Anayetafuta pikapu aina ya Hilux kutoka Japani hushangaa kuona pengo kubwa la miaka. Sababu yake ni rahisi. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha mwaka 2017. Katika miaka hiyo uzalishaji ulihamia hasa Thailand, huku kiwanda cha Durban kikiendelea kutengeneza kwa ajili ya Afrika Kusini na majirani zake. Ndiyo maana Hilux iliyotengenezwa mwaka 2008 inayoonekana barabarani Nairobi au Mwanza ama ilinunuliwa mpya kwa wakala, ama ililetwa kutoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, ambako usukani pia uko upande wa kulia.

Sheria nazo zina mkono wake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hiyo pikapu kuukuu unayoiona Nakuru au Eldoret imeishi sehemu kubwa ya maisha yake ndani ya Kenya. Hilo ni jambo jema kwa mnunuzi, kwa kuwa historia yake inaweza kufuatiliwa. Namba za usajili zinazoanzia KAA zilianza kutolewa mwaka 1989, na KBA ikafuata mwaka 2007, hivyo namba pekee inatosha kukisia ni lini gari liliingia barabarani. Tanzania haijafunga mlango, lakini magari yaliyozeeka hutozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu, na ushuru huo unaweza kuifuta nafuu yote ya bei iliyoonekana kwenye tangazo la muuzaji wa nje.

Kuna chanzo kingine ambacho wengi hukisahau: minada ya magari ya serikali, mashirika ya umma na miradi ya wahisani, yale yaliyokuwa na namba za STK, SU au DFP. Gari la mradi linaweza kuwa limepigwa barabara mbovu kuliko la mtu binafsi, lakini mara nyingi lina kitabu cha matengenezo, na oili yake ilibadilishwa kwa ratiba kwa sababu fedha hazikutoka mfukoni mwa dereva.

Adui wa kwanza: joto

Mafundi wana neno lao: gari limechemsha. Hakuna neno linalopaswa kumtisha mnunuzi wa dizeli kuukuu zaidi ya hilo.

Injini za dizeli za Hilux za zamani ni za familia moja: 2L yenye sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Bloku ya injini ni ya chuma cha kusubu, lakini silinda hedi ni ya aluminiamu. Ikipata moto, aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Maji yakipungua kwenye rejeta, au feni ikichoka, hedi hutanuka kuliko bloku inayoikalia, ikajikunja au kupasuka kati ya vali. Kuanzia hapo maji huingia kwenye silinda na mgandamizo wa silinda huingia kwenye maji. Injini zilizofungwa tabo, hasa 2L-T, zimejulikana duniani kote kwa kupasua hedi. Ndugu zao wasio na tabo ni wavumilivu zaidi, ingawa hawana nguvu za kujivunia mlimani.

Mitsubishi L200 yenye injini ya 4D56, sentimita za ujazo 2,477, ina udhaifu huo huo wa hedi, na imeongezewa mwingine. Ina mikanda miwili upande wa mbele: mmoja wa taimingi na mwingine mdogo unaozungusha shafti za kupunguza mtetemo. Mkanda mdogo ukikatika, vipande vyake vinaweza kunaswa na ule mkubwa, na injini ikafa papo hapo. Asiyejua huubadilisha mmoja na kuuacha mwingine ili kuokoa fedha kidogo.

Upande wa pili wako wakongwe wa chuma kitupu. Injini ya Nissan ya TD27, sentimita za ujazo 2,663, ina hedi ya chuma, na taimingi yake inaendeshwa kwa gia. Haina mkanda wa kukatika. Isuzu ya 4JB1, sentimita za ujazo 2,771, nayo ina hedi ya chuma, na mafuta hupuliziwa moja kwa moja ndani ya silinda bila kupitia chemba ya awali, jambo linaloifanya itumie mafuta kwa uchache. Zina kelele, zinatetemeka, na ni nzito kuondoka. Lakini kwa mtu anayebeba magunia kutoka shambani na asiyeweza kumudu kufungua injini kila baada ya miaka miwili, kelele hizo si hasara.

Jambo la kusikitisha ni kwamba joto linalozimaliza injini nyingi husababishwa na ushauri wa mdomo. Kuna imani iliyoenea gereji nyingi kwamba themostati haina kazi katika nchi za joto, kwa hiyo hung'olewa na kutupwa. Katika injini nyingi za Toyota, themostati inapofunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka bila kupozwa. Kwenye tambarare dereva haoni tofauti. Akianza kupanda Kitonga au mteremko wa Mai Mahiu akiwa na mzigo, mshale wa joto unapanda naye. Tatizo jingine ni maji ya bomba matupu badala ya kulanti: hutengeneza kutu ndani ya njia za bloku, na kutu hiyo huishia kuziba mirija ya rejeta.

Kwa hiyo ukaguzi wa gari unaanza na injini ikiwa baridi. Mnunuzi amwambie muuzaji asiiwashe kabla hajafika. Afungue kifuniko cha rejeta: maji yenye mafuta juu au rangi ya kutu nzito ni dalili mbaya. Afungue kifuniko cha oili: utando mweupe kama maziwa ya mgando ndani yake unamaanisha maji na oili vimekutana, ingawa unyevu wa asubuhi nao unaweza kuacha utando mwembamba. Kisha injini iwashwe. Moshi mweupe mwingi usiokoma baada ya injini kupata joto unaweza kuwa maji yanayoungua au nozeli zilizochoka. Moshi wa bluu ni oili. Moshi mweusi wakati wa kukanyaga mafuta ni dizeli isiyoungua yote, na mara nyingi tiba yake ni chujio la hewa au nozeli, si msiba.

Baada ya hapo kifuniko cha oili kifunguliwe injini ikiwa inaunguruma. Kama moshi unatoka kwa msukumo wa mpigo kwa mpigo, mafundi husema injini inapumua: ringi zimekwisha na oveholi haiko mbali. Hatua ya mwisho ni kuipandisha mlima. Dakika 20 za kupanda mahali penye mwinuko zinasema mengi kuliko saa nzima ya maneno ya dalali.

Na mkanda wa taimingi? Kwenye 2L, 3L na 5L, Toyota hupendekeza ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga vali. Asiyeonyeshwa ushahidi wa lini ulibadilishwa ahesabu kwamba haujabadilishwa, na aipunguze bei kwa gharama hiyo.

Hilux za petroli zenye injini ya 22R, sentimita za ujazo 2,366, hutumia cheni. Cheni haikatiki kirahisi, lakini reli za plastiki zinazoiongoza hukauka na kuvunjika, kisha cheni inakwangua kasha lake mpaka inatoboa njia ya maji. Sauti ya mkwaruzo upande wa mbele wa injini, asubuhi inapowashwa, ni onyo ambalo bado linasikilizika kwa bei nafuu.

Adui wa pili: kutu

Injini hubadilishwa. Chasisi ikishaliwa, gari limekwisha.

Mfano mkubwa kuliko yote unatoka Marekani, kwa pikapu ambayo wengi wanaamini haifi. Mwaka 2008 Toyota ilitangaza kwamba chasisi za Tacoma zilizotengenezwa kati ya 1995 na 2000 hazikukingwa ipasavyo dhidi ya kutu. Iliongeza dhamana ya chasisi hizo hadi miaka 15, na magari yaliyooza kupita kiasi ikayanunua kwa mara moja na nusu ya thamani yake. Miaka minane baadaye, mwaka 2016, kampuni hiyo ilikubali makubaliano ya hadi dola bilioni 3.4 kuhusu Tacoma na magari mengine mawili ya miaka iliyofuata. Nchini Uingereza, Nissan Navara za miaka ya 2000 zilipata sifa mbaya baada ya chasisi za baadhi yake kukatika katikati.

Kilichoyala magari hayo ni chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi kuyeyusha barafu. Afrika Mashariki haina barafu barabarani, lakini ina njia mbili za kuipata kutu hiyo. Ya kwanza ni magari yanayoletwa kutoka Uingereza au maeneo ya theluji ya Japani kama Hokkaido, ambayo hufika yakiwa yamepakwa rangi nyeusi inayong'aa chini ya sakafu. Ya pili ni pwani yetu. Pikapu iliyobeba samaki Tanga, mchanga Bagamoyo au mwani Unguja imekuwa ikipigwa na upepo wa chumvi na maji ya bahari yanayochuruzika kutoka bodini kila siku.

Karatasi ya mnada wa Japani husaidia kwa anayejua kuisoma. Kwenye mchoro wa gari, herufi S huonyesha kutu na C huonyesha chuma kilichokwisha kuliwa. Daraja la R au RA linamaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Mwagizaji ana haki ya kuomba nakala ya karatasi hiyo kabla ya kulipa, na wakala anayekwepa kuitoa ametoa jibu tayari.

Kwa gari lililopo mtaani, vifaa vinavyohitajika ni tochi, nyundo ndogo na sumaku. Mkaguzi alale chini ya gari. Agonge chasisi taratibu kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa. Atazame hasa mahali zinaposhikiliwa springi za nyuma, pembeni mwa tangi la mafuta, na kwenye kona ambazo tope hukaa. Rangi mpya nyeusi kwenye chasisi ya gari la miaka 25 iamshe maswali. Sumaku hupitishwa kwenye milango na pembe za bodi. Pasipoinasa kuna puti. Puti kwenye mlango ni suala la urembo tu. Kiraka kilichochomelewa kwenye chasisi ni suala la uhai wa waliomo.

Adui wa tatu: mzigo

Pikapu nyingi za aina hii ziliundwa kubeba takriban tani moja. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji ya kilo 50. Ni magunia 11 ya mahindi ya Kenya yenye kilo 90, au magunia 10 ya kilo 100 ya Tanzania, mradi yasiwe ya lumbesa.

Bodi ya Hilux ya kabini moja ina nafasi ya karibu mita za ujazo 1.3. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa kilo 1,600 hivi, na mchanga wenye maji ni mzito zaidi. Kwa hiyo bodi iliyojazwa mchanga usawa wa kingo inabeba zaidi ya tani mbili. Mwenye gari hutazama nyuma, akaona imeinama, akaenda kuongeza majani ya springi. Gari huinuka na tatizo linaonekana kwisha. Lakini majani yaliyoongezwa hayakuongeza ukubwa wa breki, hayakuimarisha beringi za magurudumu, klachi wala difu, na chasisi sasa inapokea mapigo ambayo springi laini zingeyameza. Ufa huanza nyuma ya kabini.

Ndiyo maana swali la maana kwa muuzaji ni hili: gari hili lilikuwa likifanya kazi gani? Kazi ya zamani huacha alama. Pikapu za miraa zinazokimbizana na muda kutoka Maua, Meru, hadi Nairobi zinajulikana Kenya nzima kwa mwendo wake. Iliyostaafu kazi hiyo huwa imechoka giaboksi, breki na vikombe vya magurudumu hata kama bodi inang'aa. Iliyobeba mchanga huwa na bodi iliyopindika sakafu. Iliyofungwa mabenchi kubeba abiria huwa na matundu ya bolti kwenye kingo. Ile ya daktari wa mifugo au shule, iliyobeba mtu mmoja na visanduku, inaweza kuwa na kilomita nyingi na bado ikawa imara kuliko zote.

Kuna wanaokimbilia upande wa pili, kwenye kirikuu, kama Watanzania wanavyoziita Suzuki Carry na ndugu zake. Kwa mizigo ya mjini ni uamuzi wa busara: injini ya sentimita za ujazo 660, matumizi madogo ya mafuta, spea za bei ya chini. Lakini sheria za Japani zilizozaa magari hayo ziliyawekea kikomo cha mzigo cha kilo 350, sawa na mifuko saba ya saruji. Kirikuu inayopandishwa mifuko 20 haiwezi kulaumiwa kwa kukosa uimara.

Mafuta na teknolojia mpya

Mwenye kuongeza fedha kidogo hushawishika kuchukua pikapu za baada ya 2005, zenye dizeli ya komon reli. Ni tulivu, zina nguvu na hazina moshi. Hapo ndipo bajeti ndogo inapokutana na mtihani.

Nozeli za zamani hufunguka kwa mgandamizo wa bar 150 hivi. Mfumo wa komon reli hufanya kazi kwa zaidi ya bar 1,300, na matundu ya nozeli zake ni membamba mno. Pampu zote mbili, ya zamani na ya sasa, hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzikausha. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania ililazimika kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili tamaa ya kuchanganya ipungue. Pampu ya kimakanika iliyochakaa kwa dizeli mbaya huendelea kusukuma gari kwa manung'uniko. Nozeli ya komon reli ikiharibika inaweza kumwaga mafuta mfululizo hadi ikatoboa pistoni, na injini za 1KD za Hilux na Prado zinajulikana kwa maradhi hayo. Injini ya Nissan ya YD25 katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa na cheni ya juu ya mstari mmoja iliyochoka mapema, na walioijua waliibadilisha kwa ya mistari miwili kabla haijawaangusha.

Hayo hayamaanishi magari hayo ni mabaya. Yanamtaka mwenyewe awe na akiba ya nozeli nne, na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Asiye na vyote viwili abaki kwenye pampu ya kimakanika.

Spea na karatasi

Uimara wa gari hupimwa pia kwa umbali uliopo kati yake na duka la spea. Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga na Grogan jijini Nairobi, na Kisekka jijini Kampala, ni vituo ambako springi, pampu za maji na silinda hedi za Hilux, Nissan na Isuzu za zamani hupatikana mpya na mtumba. Kabla ya kununua pikapu ya aina isiyo ya kawaida kwa sababu tu bei imeshuka, mnunuzi aulize maduka matatu bei ya vitu vitano: pampu ya maji, seti ya klachi, gasketi ya hedi, silinda ya breki na beringi za mbele. Akikosa viwili kati ya hivyo, gari hilo litakuja kulala uani kwa wiki nzima likingoja kifurushi.

Karatasi zinahitaji nidhamu ile ile. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye kadi. Namba ya injini nayo itazamwe, maana pikapu nyingi za umri huu zimebadilishwa injini. Kubadilisha si kosa, kutosajili mabadiliko ndiko kunakomletea mnunuzi usumbufu. Kenya, taarifa za mmiliki huombwa NTSA kupitia mfumo wa serikali mtandaoni. Tanzania, umiliki huthibitishwa TRA na madeni ya faini hutazamwa kwenye mfumo wa trafiki wa polisi. Kadi yenye jina la benki pamoja na la muuzaji inamaanisha mkopo haujaisha.

Fedha ya siku ya kwanza

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi hufanyika kabla hawajaliona gari: kuzimaliza fedha zote kwenye bei. Mwenye shilingi milioni 12 za Tanzania anunue pikapu ya milioni tisa, na tatu zilizobaki ziingie gereji wiki ile ile. Pikapu ya milioni 12 iliyonunuliwa bila akiba itaanza kazi na mkanda wa taimingi usiojulikana umri, na mkanda huo haungoji mavuno.

Kazi za wiki hiyo zinajulikana. Oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zibadilishwe zote, pamoja na machujio. Rejeta itolewe isafishwe, themostati halisi irudishwe mahali pake, na kulanti ichanganywe na maji safi nusu kwa nusu. Mkanda wa taimingi na rola yake vifungwe vipya kwa injini zinazoutumia. Beringi za mbele zipakwe grisi, breki za nyuma zifunguliwe, na chasisi isafishwe, ikwanguliwe kutu na kupakwa rangi ya kinga. Wakazi wa pwani waongeze desturi ya kuosha sakafu ya chini kwa maji baridi kila wiki, hasa baada ya kubeba samaki.

Jambo la mwisho ni daftari la shilingi chache ndani ya kisanduku cha dashibodi: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, gereji iliyofanya kazi. Kwa magari haya yasiyo na kompyuta, kumbukumbu hiyo ndiyo inayomwambia dereva kwamba mkanda umebakiza kilomita 15,000, au kwamba maji ya rejeta yamekuwa yakiongezwa mara nyingi mno mwezi huu. Na siku gari litakapouzwa tena, mnunuzi anayefuata atakuwa na kitu cha kusoma mbali na mwaka na kilomita.